Kushusha sukari au kushusha LDL: ipi hupunguza zaidi kolesteroli iliyoshikwa na sukari?

Karatasi ya majibu ya maabara ya mtu mwenye kisukari huwa na namba mbili ambazo wengi huzisoma kana kwamba hazijuani. Ya kwanza ni HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Ya pili ni LDL, kolesteroli iliyozoeleka kuitwa mbaya. Sukari hutafutiwa dawa yake, kolesteroli nayo hutafutiwa yake, na ushauri wa kila moja hutolewa kwa wakati wake. Ndani ya damu, hata hivyo, namba hizo hukutana, kwa sababu sukari inayozunguka hujishikiza kwenye chembe za LDL na kuzibadili tabia, na chembe iliyobadilika hivyo huidhuru mishipa zaidi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hapo ndipo linapozuka swali la ulinganisho huu: anayetaka kupunguza chembe za aina hiyo aelekeze nguvu zaidi kwenye kushusha sukari, au kwenye kushusha LDL yenyewe?

Nitautaja msimamo wangu mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. Kwa watu wengi wenye kisukari cha aina ya pili ambao sukari yao imedhibitiwa kwa kiasi cha kuridhisha, dawa ya kushusha LDL huzipunguza chembe hizo zaidi kuliko kuibana sukari iteremke hatua nyingine moja. Kwa mtu ambaye sukari yake iko juu sana, hesabu hugeuka, na kwake sukari ndiyo ya kuanza nayo. Tofauti hiyo inatokana na jinsi chembe ya LDL inavyoundwa, inavyoishi na inavyoondolewa kwenye damu, kwa hiyo inafaa kwanza kuitazama kwa karibu.

Chembe moja na sukari yake

Chembe ya LDL ni kitufe kidogo chenye kipenyo cha takriban nanomita 20. Ndani yake mna kolesteroli, na kwa nje imezungushiwa protini moja ndefu iitwayo apolipoprotini B, yenye asidi amino 4,536. Kila chembe ina protini moja tu ya namna hiyo, haipungui wala haizidi, na jambo hili litatufaa tutakapofika kwenye vipimo. Miongoni mwa asidi amino hizo zimo laisini kwa mamia, na laisini ndiyo sehemu ambayo glukosi hupenda kujishikiza. Hakuna kimeng'enya kinachohitajika. Inatosha sukari na protini kukaa pamoja kwenye maji yenye joto la mwili. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza aina hii ya mmenyuko mwaka 1912, na ndio huohuo unaolipa ganda la mkate rangi ya kahawia linapookwa, ingawa ndani ya damu huenda polepole mno.

Mwanzoni glukosi hushika kwa ulegevu na inaweza kuachia. Baada ya muda kifungo hicho hujipanga upya na kuwa imara, na kikiachwa kwa majuma au miezi huzaa mabaki magumu ambayo mwili hauwezi kuyafungua. Chembe ya LDL haiishi muda mrefu kiasi hicho, kwani huzunguka kwenye damu kwa siku mbili au tatu tu kabla ini halijaiondoa. Kwa sababu hiyo LDL nyingi iliyoshikwa na sukari ikiwa bado inazunguka iko katika hatua za mwanzo. Iliyopenya na kunasa kwenye ukuta wa ateri ndiyo hupata nafasi ya kuharibika zaidi.

Madhara huanza hata hivyo katika hatua hizo za mwanzo. Ini huzitambua chembe za LDL kwa vipokezi, ugunduzi uliowapatia Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985, na laisini za apolipoprotini B ni sehemu ya ufunguo unaoingia kwenye kufuli hilo. Laisini zikifunikwa na sukari, ufunguo haukai sawasawa. Chembe hukawia kuondolewa, na kwa kukawia huko huokota sukari zaidi. Huwa pia nyepesi kuoksidishwa, na ikishaingia kwenye ukuta wa ateri humezwa na seli walaji ambazo hujaa mafuta na kuwa chanzo cha utando unaoziba mshipa. Chembe ndogo zilizoshikana, yaani zenye msongamano mkubwa, ambazo huongezeka mtu anapokuwa na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) nyingi, hushikwa na sukari kwa urahisi kuliko zile kubwa.

Watu wasio na kisukari nao wana LDL iliyoshikwa na sukari, maana hakuna damu isiyo na glukosi. Kisukari huongeza kiasi tu, hakianzishi kitu kigeni. Nalitaja jambo hili kwa sababu linabomoa dhana iliyoenea kwamba sukari ikirudi kawaida, tatizo la LDL hujimaliza lenyewe.

Kwa hiyo jumla ya chembe zilizoshikwa na sukari hutegemea mambo matatu: sukari iliyomo kwenye damu, idadi ya chembe zinazozunguka, na muda ambao kila chembe hukaa kabla ya kuondolewa. Kila tiba inafaa iulizwe inagusa lipi kati ya hayo.

Njia ya sukari na njia ya LDL, bega kwa bega

Kushusha sukari hugusa jambo la kwanza moja kwa moja. Kwa mtu ambaye insulini yake ni pungufu au haifanyi kazi vizuri, hugusa pia ubora wa chembe, kwa sababu insulini ndiyo inayokiamsha kimeng'enya cha kuvunja trigliseridi. Trigliseridi zikishuka, chembe ndogo zilizoshikana hupungua. Idadi ya chembe zote za LDL haibadiliki sana katika aina ya pili hata sukari ikidhibitiwa vizuri, na watu wengi hushangaa kuiona HbA1c imeshuka kwa pointi mbili ilhali LDL imebaki palepale.

Statini, dawa za kawaida za kushusha LDL, hufuata njia nyingine kabisa. Huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Ini likikosa kolesteroli yake huchomoza vipokezi vingi zaidi ili liivute ile iliyomo kwenye damu, na matokeo yake chembe hupungua na zinazobaki huondolewa mapema. Dawa moja imegusa jambo la pili na la tatu kwa pamoja. Sukari haikuguswa, lakini chembe za kushikwa zimepungua na muda wa kushikwa umefupishwa. (Tezi ya thairoidi ikilegea hutokea kinyume chake: vipokezi hupungua na LDL hukawia kwenye damu. Ndiyo maana LDL inayokataa kushuka, au inayopanda bila sababu ya wazi, ni sababu nzuri ya kuipima tezi hiyo.)

Tuchukue hesabu ya makadirio, tukijua kwamba mwili haufuati kikokotoo kwa usahihi. HbA1c ya asilimia 7.1 ni sawa na wastani wa sukari wa takriban milimoli 8.7 kwa lita, na ya asilimia 6.3 ni kama milimoli 7.5. Mtu aliyeshuka kutoka ya kwanza hadi ya pili, kwa juhudi ambazo kila mwenye kisukari anazijua, amepunguza sukari inayozikabili chembe zake kwa asilimia 14 hivi. Mtu huyohuyo akiwa na LDL ya milimoli 3.9, kisha akapewa statini ya nguvu ya kati inayoishusha kwa asilimia 40, anabaki na LDL ya takriban 2.3, na hapo hatujahesabu bado muda uliofupishwa. Kwa mtu huyu hakuna mashindano.

Mwenye HbA1c ya asilimia 11 ana hesabu tofauti. Wastani wake wa sukari ni karibu milimoli 14.9, na akifika asilimia 7.5 wastani huo huwa kama 9.4, yaani umepungua kwa zaidi ya theluthi. Hapo kushusha sukari kunakaribia kulingana na statini kwa upande wa chembe zilizoshikwa, na faida zake nyingine hazihesabiki. Kwa hiyo mahali mtu anapoanzia ndipo panapoamua, na ushauri unaotolewa kwa wote kwa sauti moja humkosea mmojawapo.

Njia hizi hutofautiana pia kwa kasi. Kwa kuwa chembe za LDL huishi siku chache, mtu aliyeidhibiti sukari yake kwa majuma mawili huwa ameshazibadilisha karibu zote, na zinazozunguka sasa zimezaliwa kwenye damu yenye sukari nafuu. HbA1c yake haitaonyesha hayo bado, kwa sababu inapimwa kwenye chembe nyekundu zinazoishi takriban siku 120 na kubeba kumbukumbu ya siku zilizopita. Anayekata tamaa kwa kuwa HbA1c imeshuka kidogo tu baada ya mwezi mmoja wa juhudi anahukumu kwa kioo kinachochelewa.

Gharama kwa mwili nayo iwekwe kwenye mizani. Kuibana sukari kwa insulini au kwa dawa za jamii ya sulfonilurea huongeza hatari ya sukari kushuka kupita kiasi, jambo ambalo huweza kumwangusha mtu, kumchanganya akili na hata kumuua, na mara nyingi huongeza uzito. Statini huwaletea baadhi ya watu maumivu ya misuli, nayo hupandisha sukari kidogo: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliojumlisha majaribio 13 na watu 91,140, ulikuta hatari ya kupata kisukari kipya imeongezeka kwa asilimia 9. Kwa aliye na kisukari tayari, HbA1c hupanda kwa sehemu ndogo ya asilimia moja. Kuna kinaya hapo: dawa inayoongeza sukari kidogo ndiyo hiyohiyo inayopunguza chembe zilizoshikwa na sukari, kwa sababu inachokiondoa ni kikubwa kuliko inachokiongeza.

Liko eneo moja ambalo statini haina msaada mkubwa. HDL, kolesteroli iliyozoeleka kuitwa nzuri, nayo hushikwa na sukari, na ikishikwa hupungukiwa na uwezo wake wa kuilinda LDL isioksidishwe. Hapo dawa ya kutegemewa ni udhibiti wa sukari wenyewe.

Majaribio makubwa yalionyesha nini

Majaribio yanayotajwa hapa yalihesabu mishtuko ya moyo, viharusi na vifo. Hayakuhesabu chembe zilizoshikwa na sukari. Hata hivyo mshipa uliopona ndio unaotafutwa na kila mgonjwa, na matokeo yake yanakubaliana kwa kiasi kikubwa na hesabu iliyotangulia.

Upande wa sukari katika aina ya pili, jaribio la UKPDS la Uingereza, lililotoa matokeo yake mwaka 1998, lililinganisha kundi lenye HbA1c ya asilimia 7.0 na lenye asilimia 7.9 kwa takriban miaka 10. Madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho na figo hasa, yalipungua kwa asilimia 25. Mshtuko wa moyo ulipungua kwa asilimia 16, lakini kipimo cha kitakwimu kilikaribia tu kuthibitisha, hakikufika. Wagonjwa walipofuatiliwa kwa miaka 10 zaidi, taarifa ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba waliodhibitiwa mapema waliendelea kufaidika hata baada ya sukari za makundi yote mawili kufanana, na safari hii upungufu wa mshtuko wa moyo ulithibitika. Mwaka huohuo wa 2008, jaribio la ACCORD, lililokuwa na watu 10,251 na kulenga HbA1c chini ya asilimia 6 kwa watu walioishi na kisukari kwa miaka mingi, lilisimamisha udhibiti huo mkali kwa sababu vifo vilizidi kwenye kundi lililobanwa. Ukiyaweka majaribio haya pamoja, unaona kwamba sukari hulipa deni lake polepole, hulipa vizuri zaidi ikiwahiwa, na ina mpaka ambao ukivukwa hudhuru.

Upande wa LDL majibu yalikuja haraka. Katika jaribio la CARDS, watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya pili, wasio na historia ya ugonjwa wa moyo na ambao LDL yao haikuwa ya kutisha, walipewa atorvastatini miligramu 10 au kidonge kisicho na dawa. Jaribio lilisimamishwa takriban miaka miwili kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa wazi: matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 37, kama ilivyochapishwa mwaka 2004. Uchambuzi wa mwaka 2008 uliokusanya watu 18,686 wenye kisukari kutoka majaribio 14 ya statini ulikuta kwamba kila milimoli moja ya LDL inayoshushwa hupunguza matukio makubwa ya mishipa kwa takriban asilimia 21.

Aina ya kwanza ina hadithi yake. Jaribio la DCCT la Marekani na Kanada liliwachukua vijana na watu wazima 1,441, likalinganisha HbA1c ya karibu asilimia 7 na ya karibu 9 hadi mwaka 1993, kisha wakaendelea kufuatiliwa. Taarifa ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba waliodhibitiwa vizuri walipata matukio ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 42, na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo pungufu kwa asilimia 57. Walikuwa watu wenye umri mdogo, ambao wengi hawakuwa na LDL ya kupindukia. Katika yale mambo matatu, lililokuwa limeharibika kwao ni sukari. Ndiyo sababu nasita kuhamishia aina ya kwanza hoja zote zinazofaa aina ya pili.

Nisieleweke kwamba mwenye statini aiachilie sukari yake. Statini hailindi jicho, figo na neva kwa namna ambayo udhibiti wa sukari hulinda, na mtu aliyeokoa moyo akapoteza macho hakufanya chaguo la busara.

Sukari ishushwe kwa dawa gani

Hapa sitakawia, kwa sababu tofauti za dawa za sukari kwenye LDL ni ndogo kuliko zinavyovumishwa. Metfomini huishusha LDL kidogo, na pia hupunguza methilglaioksali, masalia ya uchomaji wa sukari ambayo hushika protini kwa kasi kubwa kuliko glukosi yenyewe. Insulini hushusha trigliseridi kwa kiasi cha kuonekana pale ilipokuwa pungufu. Pioglitazoni hupandisha HDL na kushusha trigliseridi, lakini huhifadhi maji mwilini na haiwafai wenye moyo uliochoka. Sulfonilurea hushusha sukari, basi. Dawa za jamii ya semaglutidi hupunguza uzito na trigliseridi.

Mfano wa kuonya ni empagliflozini na ndugu zake, ambazo hutoa sukari kupitia mkojo. Hizi hupandisha LDL kidogo, na anayechagua kwa kuitazama LDL peke yake angezikwepa. Lakini jaribio la EMPA-REG la mwaka 2015, lenye watu zaidi ya 7,000 waliokuwa na ugonjwa wa moyo tayari, lilikuta vifo vya moyo vimepungua kwa asilimia 38. Dawa ya sukari ichaguliwe kwa hali ya moyo, figo, uzito na hatari ya sukari kushuka, na LDL iachiwe dawa zake.

Kipimo gani kitakuambia

Msomaji angetarajia kwamba kipimo bora ni kile kinachohesabu LDL iliyoshikwa na sukari moja kwa moja. Vipo vipimo vya namna hiyo kwenye maabara za utafiti, lakini havina kiwango kilichokubaliwa ambacho daktari anaweza kukitumia kuamua dozi, kwa hiyo kwa sasa havimsaidii mgonjwa kuchagua. Kinachowezekana ni kuyapima yale mambo yanayoizalisha.

Kwa sukari, HbA1c ndiyo ya kawaida, lakini hudanganya pale chembe nyekundu zenyewe zinapokuwa na kasoro. Selimundu, talasemia, kuvunjika kwa chembe nyekundu na kuongezewa damu karibuni huweza kuifanya ionekane nzuri kuliko hali halisi, ilhali upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha. Fruktosamini, inayopima sukari iliyoshika protini za majimaji ya damu, hasa albumini, huonyesha majuma mawili hadi matatu yaliyopita, na kwa muda huo inakaribiana zaidi na maisha ya LDL. Nayo huharibika pale albumini inapopotea, kama katika maradhi ya figo yanayovujisha protini au ini lililochoka. Kwa mwenye selimundu ningeichagua fruktosamini bila kusita. Kwa mwenye figo zinazovuja ningerudi kwenye vipimo vya kidoleni vya kila siku au kifaa cha kupima sukari mfululizo.

Kwa upande wa mafuta, chukua karatasi hii ya mfano uisome pamoja nami: kolesteroli yote 5.2, HDL 0.9, trigliseridi 3.3, LDL 2.8. Jicho hukimbilia ile 2.8 na kuona si mbaya mno. Lakini maabara nyingi haziipimi LDL. Huikokotoa kwa kanuni iliyochapishwa na William Friedewald na wenzake mwaka 1972, yaani kolesteroli yote ukitoa HDL, kisha ukitoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Tano nukta mbili, toa sifuri nukta tisa, toa moja na nusu, inabaki 2.8, ndivyo ilivyopatikana. Kanuni hiyo hupoteza uhakika kadiri trigliseridi zinavyopanda, na zikizidi 4.5 haitumiki kabisa. Zaidi ya hapo, trigliseridi za 3.3 zinaashiria kwamba chembe za mtu huyu ni ndogo zilizoshikana. Kila moja hubeba kolesteroli kidogo, kwa hiyo 2.8 inaweza kuwa imegawanywa kwenye chembe nyingi kuliko za mtu mwingine mwenye 2.8 hiyohiyo. Na ndizo hizi ndogo zinazoshikwa na sukari kwa urahisi.

Dawa ya kasoro hiyo ipo kwenye karatasi ileile bila kuongeza kipimo: toa HDL kwenye kolesteroli yote. Unapata 4.3, namba inayojumlisha chembe zote zenye uwezo wa kuziba mishipa, na ambayo haiharibiwi na trigliseridi. Pale kipimo cha apolipoprotini B kinapopatikana ni bora zaidi, kwa sababu kila chembe ina moja tu. Kuzihesabu protini hizo ni kuzihesabu chembe zenyewe. Kati ya LDL ya kukokotoa na apolipoprotini B, kwa mwenye kisukari chenye trigliseridi nyingi, naiamini ya pili.

Mtu gani achague nini

Mwenye HbA1c ya 11, trigliseridi 4.1 na LDL 2.4 aanze kwa kuizima sukari, kisha apime mafuta upya baada ya sukari kutulia, maana sehemu kubwa ya trigliseridi hizo huenda ikaondoka yenyewe. Akiwa amevuka miaka 40, miongozo mingi humpa statini hata hivyo, kwa kuwa umri na kisukari pekee vinatosha kuwa sababu; kwake si suala la hiki au kile, ni suala la kipi kipewe uzito kwenye ziara ya kwanza.

Mwenye HbA1c ya 7.1 na LDL 3.9, ambaye amekataa statini miaka yote kwa kuamini kwamba udhibiti wake mzuri wa sukari unatosha, ndiye anayepoteza zaidi. Muda anaoutumia kuitafuta 6.3 ungemlipa mara kadhaa kama angeutumia kuishusha LDL hadi chini ya 1.8, ambayo ni shabaha ya kawaida kwa mwenye kisukari aliye na hatari kubwa, au chini ya 1.4 kama moyo wake umeshaguswa. Statini isipotosha, ezetimaibu huongezwa juu yake, na haipandishi sukari kwa kiasi cha kuhofia.

Mzee ambaye sukari yake hushuka ghafla usiku alegezewe shabaha ya sukari, HbA1c karibu na 8 ikitosha, na aendelee na statini yake; kulegeza huko huongeza sukari kwenye chembe kidogo, lakini chembe zenyewe zimeshapunguzwa. Mwanamke mjamzito au anayetarajia kushika mimba yuko upande wa pili kabisa, kwa kuwa statini kwa kawaida husimamishwa katika kipindi hicho kwa uamuzi wa daktari, na hivyo sukari ndiyo nyenzo iliyobaki mkononi, nayo katika ujauzito ina sababu kubwa zaidi za kudhibitiwa kuliko hizi za LDL.

Kijana mwenye aina ya kwanza, LDL 2.5 na HbA1c inayozunguka 9, asipelekwe haraka kwenye kidonge cha kolesteroli kana kwamba hicho kitafidia. Kila chembe yake inazaliwa, inaishi na kuondolewa kwenye damu yenye sukari ya milimoli karibu 12, na hakuna dawa ya LDL inayobadilisha hilo.

Yeyote anayeanza statini apime mafuta kati ya wiki ya 4 na ya 12, na HbA1c baada ya miezi mitatu. Akikuta LDL imeshuka kwa asilimia 40 na HbA1c imepanda kutoka 7.1 hadi 7.3, asiache dawa kwa hofu ya pointi hizo mbili ndogo. Azungumze na daktari wake kuhusu dawa ya sukari, na kidonge cha LDL kiendelee kumezwa.